Nuru Inayovaliwa: Mwanga na Mavazi katika Maandiko ya Wayahudi na Wakristo

Katika maandiko matakatifu ya Wayahudi na ya Wakristo kuna alama mbili ambazo wahubiri huzishughulikia kila moja peke yake, ilhali waandishi wa kale walizifuma pamoja kiasi kwamba ni vigumu kuieleza moja bila kuigusa nyingine, nazo ni nuru na vazi. Nuru hutajwa mwanzoni kabisa mwa kitabu cha Mwanzo, siku tatu kabla ya jua, mwezi na nyota kuwekwa angani, jambo lililowafanya wafasiri tangu zamani waulize ni mwanga gani huo usiotoka kwenye chanzo chochote kinachoonekana. Vazi nalo linajitokeza sura mbili tu baadaye, mwanamume na mwanamke wa kwanza wanapojitambua kuwa wako uchi. Hoja ya makala haya ni kwamba ukaribu wa alama hizi una mantiki yake: nuru ni sifa ya Mungu ambayo mwanadamu hawezi kuishika wala kuiweka akiba, lakini vazi hushikika, hupokelewa kutoka mkononi mwa mwingine, huchafuka, hufuliwa, huvuliwa na hata kurithiwa, kwa hiyo maandiko yanapotaka kusema kwamba mtu ameshirikishwa nuru hiyo, mara nyingi husema kwamba amevikwa.

Uhusiano huo unaonekana waziwazi katika Zaburi ya 104, ambayo inamsifu Muumba kuwa amejifunika nuru kama mtu anavyojifunika joho, kisha inazilinganisha mbingu na pazia lililotandazwa. Marabi, yaani walimu wa sheria ya Kiyahudi wa karne za kwanza baada ya Kristo, hawakuuchukua usemi huo kuwa pambo la ushairi tu. Katika Bereshit Raba, midrashi ya kitabu cha Mwanzo iliyokusanywa Palestina mnamo karne ya 5 (midrashi ni ufafanuzi unaoyafuata maandiko aya kwa aya, ukichanganya hoja, masimulizi na mafumbo), Rabi Shimon ben Yehotzadak anamwuliza Rabi Shmuel bar Nahman nuru iliumbwa kutokana na nini, naye anajibiwa kwa sauti ya chini kwamba Mungu alijitanda nuru kama vazi, na mng'ao wa vazi hilo ukauangaza ulimwengu kutoka pembe hadi pembe. Muulizaji anashangaa kwa nini jambo lililoandikwa wazi katika zaburi linanong'onwa, na jibu analopata ni kwamba mwalimu mwenyewe alilipokea kwa mnong'ono. Sababu ya tahadhari hiyo inakisika bila shida: iwapo nuru ni mng'ao wa vazi la Mungu, basi haikuumbwa kwa namna ile ile kama ardhi na bahari, na fundisho la aina hiyo lilikaribia mno mambo ambayo marabi hawakutaka yajadiliwe mbele ya kila mtu.

Kwa upande wa mwanadamu, habari ya mavazi inaanzia bustani ya Edeni, na inaanza vibaya. Majani ya mtini ambayo Adamu na Hawa wanayashona ni kazi ya mikono yao wenyewe, iliyofanywa kwa haraka na kwa aibu, na hayadumu, kwa kuwa kabla hawajafukuzwa Mungu mwenyewe anawatengenezea mavazi ya ngozi na kuwavika, hata yule anayewahukumu akawa ndiye anayewasitiri. Bereshit Raba inaeleza kuwa katika nakala ya Torati aliyokuwa nayo Rabi Meir, mwalimu wa karne ya 2, mahali pa mavazi ya ngozi paliandikwa mavazi ya nuru, tofauti ambayo katika Kiebrania ni ya herufi moja tu. Na baadhi ya nakala za midrashi hiyo zinaongeza kwamba mavazi hayo yalifanana na kandili, mapana chini na membamba juu. Hakuna haja ya kudai kwamba Rabi Meir alikuwa na maandishi ya asili kuliko wenzake. Linaloonekana ni kwamba watu wa zama zile walikuwa tayari wanamfikiria mwanadamu kama kiumbe aliyewahi kung'aa, na kwamba ngozi anayoijua leo, inayokunjamana na kuzeeka, ni vazi lake la pili.

Wazo hilo lilistawi zaidi miongoni mwa Wakristo wa Mashariki waliotumia Kisiria, lahaja ya Kiaramu iliyokuwa lugha ya ibada kuanzia Edessa, mji ulio leo kusini mwa Uturuki, hadi Uajemi. Efremu wa Siria, shemasi na mshairi aliyefariki Edessa mwaka 373, pamoja na waliomfuata, hasa Yakobo wa Serugh aliyefariki mwaka 521, waliisimulia historia nzima ya wokovu kama habari ya vazi moja lililopotea na kupatikana. Adamu na Hawa, kwa masimulizi hayo, walikuwa wamevikwa joho la utukufu, wakalipoteza walipoasi. Ndipo Mwana wa Mungu akavaa mwili (ndivyo Kisiria kilivyozoea kuueleza umwilisho, yaani Mungu kuwa mwanadamu), akashuka katika mto Yordani na kuliweka joho lile majini, ili kila anayebatizwa aliokote na kulivaa tena, kwanza kama arabuni na mwishowe kwa ukamilifu siku ya ufufuo. Mtaalamu wa Kisiria wa Oxford, Sebastian Brock, ndiye aliyeonyesha kwa kina jinsi vituo hivyo vinavyoshikamana katika tungo za Wasiria. Ni teolojia isiyotumia istilahi za kifalsafa za Kigiriki, na pengine ndiyo sababu imedharauliwa kwa muda mrefu katika vyuo vya Magharibi, ingawa mtu wa kawaida aliyeiimba kanisani aliielewa mara moja, kwa kuwa alijua ni nini kuvuliwa nguo mbele za watu na ni nini kuvikwa.

Kabla ya hapo, hata hivyo, Israeli walikuwa na mtu ambaye mavazi yake yalikuwa kazi rasmi, naye ni kuhani mkuu. Sura ya 28 ya Kutoka inayataja moja baada ya jingine: kifuko cha kifuani chenye mawe 12 yenye majina ya makabila, naivera (kizibao kilichofumwa kwa nyuzi za thamani na kushikwa mabegani), joho la rangi ya samawi ambalo pindo lake lilikuwa na makomamanga na kengele za dhahabu, kanzu, kilemba chenye bamba la dhahabu, na mshipi. Sura ya 39 inaongeza jambo dogo la kiufundi ambalo wasomaji hulipita haraka, kwamba dhahabu ilifuliwa ikawa mabamba membamba, mabamba yakakatwa yakawa nyuzi, na nyuzi hizo zikafumwa pamoja na za samawi, zambarau, nyekundu na kitani. Hiyo si nguo iliyopambwa kwa dhahabu juu juu, kwa maana madini yenyewe yamo ndani ya mfumo wa kitambaa, na kuhani aliyetembea katika ua wa Hekalu wakati wa jua alirudisha mwanga kila alipogeuka.

Kinachofuata ndicho kinachostahili kufikiriwa zaidi. Siku ya Upatanisho, siku moja tu katika mwaka ambapo kuhani mkuu aliingia Patakatifu pa Patakatifu, sura ya 16 ya Mambo ya Walawi inamwamuru aingie kwa kitani tupu, bila dhahabu wala rangi. Mishna, mkusanyiko wa sheria za mapokeo uliokamilishwa mwanzoni mwa karne ya 3, inaeleza katika sehemu yake iitwayo Yoma kwamba siku hiyo alioga mwili mzima mara 5 na kunawa mikono na miguu mara 10, akibadilisha mavazi ya dhahabu na ya kitani kwa zamu, na kwamba kitani cha asubuhi kilikuwa cha Pelusium nchini Misri na cha jioni kilitoka India. Kwa nini basi avue utukufu wake anapokaribia utukufu mkubwa zaidi? Talmudi ya Babeli, ambayo ni mjadala mrefu juu ya Mishna, inajibu kwamba dhahabu inakumbusha ile ndama ya dhahabu ambayo Waisraeli waliiabudu jangwani, na mshitaki hawezi kugeuzwa kuwa mtetezi. Jibu hilo ni zuri, ila maandiko yenyewe yanadokeza jingine: katika Ezekieli na Danieli, wajumbe wa mbinguni nao huonekana wamevaa kitani. Kuhani aliyevaa dhahabu aliwaonyesha watu mfano wa nuru. Alipofika mahali ambapo nuru yenyewe ilisadikiwa kukaa, mfano huo haukuwa na kazi tena, akaingia kwa sare ya watumishi wa pale.

Sheria ya Hesabu 15 iliyashusha mambo haya hadi kwa mtu wa kawaida, kwa kumtaka kila Mwisraeli atie vishada kwenye ncha za nguo yake na kuweka ndani yake uzi wa samawi. Mtaalamu wa sheria za kikuhani, Jacob Milgrom, aliutazama uzi huo kwa jicho la fundi: samawi ilikuwa rangi ya sufu, na kuchanganya sufu na kitani katika nguo moja kumekatazwa kwa watu wote katika Kumbukumbu la Torati 22, lakini mavazi ya makuhani yalichanganya, na vishada pia viliruhusiwa kuchanganya, maana yake mkulima na mchungaji walibeba katika pindo la nguo zao kipande kidogo cha ukuhani. Talmudi inaeleza kwamba samawi hufanana na bahari, bahari na anga, na anga na kiti cha enzi cha utukufu, ngazi ambayo jicho hupanda kutoka kwenye uzi hadi kwa Mungu. Hadi leo Myahudi anapojitanda taliti, ile shali ya sala yenye vishada, desturi ni kutamka aya za mwanzo za Zaburi ya 104, zinazomtaja Mungu aliyejifunika nuru.

Rangi yenyewe ina habari ya kushangaza. Ilikamuliwa kutoka kwenye tezi ya konokono wa bahari, na wataalamu wengi wa leo wanakubali kuwa ni yule aitwaye Murex trunculus, anayepatikana pwani za Mediterania; lakini waliojaribu kuitengeneza upya walikwama, kwa kuwa rangi ya konokono huyo ilitoka na mwelekeo wa zambarau, wakati mapokeo ya Kiyahudi yanaizungumzia samawi kama rangi ya anga. Katika miaka ya 1980 mkemia Otto Elsner, wa chuo cha Shenkar nchini Israeli, aligundua kwamba tatizo lilikuwa kivuli. Rangi ya aina hii haiyeyuki majini mpaka iondolewe oksijeni ndani ya pipa la kutia rangi, na ikiwa katika hali hiyo pipa likaachwa wazi juani, mwanga wa jua hung'oa atomi za bromini zilizo kwenye molekuli zake, na sufu inayotumbukizwa humo hutoka na, ikipigwa na hewa, hugeuka samawi safi. Watia rangi wa kale wa pwani ile walifanya kazi nje, palipo na jua, nao hawakuhitaji kuelezwa. Uzi ulioamriwa uwakumbushe watu mbingu ulipata rangi yake kwa kuanikwa kwenye mwanga wa mbingu.

Uzi huo huo ulitumika pia kama kipimo cha mapambazuko. Mishna inafunguka kwa swali la saa ya kusali Shema, ungamo la kila siku la imani ya Mungu mmoja, na jibu lake kwa sala ya asubuhi ni tangu mtu anapoweza kutofautisha samawi na nyeupe, ingawa Rabi Eliezer alidai kipimo kigumu zaidi, yaani kutofautisha samawi na kijani cha majani ya liki. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki atakuwa amekwisha kukumbuka Surat al-Baqara ya Kurani, aya ya 187, ambapo mwisho wa daku huwekwa pale uzi mweupe wa alfajiri unapopambanuka na uzi mweusi. Dini hizi zilizaliwa katika nchi jirani, kwa watu walioamka kabla ya jua na kuutambua mwanga kwa kutazama walichovaa.

Palikuwa na mahali ambapo nguo iligeuka nuru bila fumbo lolote. Sikukuu ya Vibanda, ambayo huadhimishwa wakati wa vuli kukumbuka safari ya jangwani, ilikuwa na sherehe ya usiku katika Ua wa Wanawake wa Hekalu la Yerusalemu, na sehemu ya Mishna iitwayo Suka inaieleza kwa furaha isiyo ya kawaida katika kitabu cha sheria. Taa kubwa za dhahabu zilisimamishwa uani, kila moja ikiwa na mabakuli 4 juu yake na ngazi 4 za kuifikia, na vijana wa ukoo wa kikuhani walipanda na mitungi ya mafuta kuyajaza. Tambi za taa hizo zilitengenezwa kwa suruali na mishipi chakavu ya makuhani. Mavazi matakatifu yaliyochakaa hayakuwa ya kutupwa jalalani wala ya kupewa mtu afungie mizigo, hivyo yalichanwa, yakasokotwa, yakalowekwa mafuta na kuwashwa, na Mishna inasema hakukuwa na ua wowote Yerusalemu ambao haukupata mwanga wa usiku ule, huku wacha Mungu wakicheza ngoma mbele ya watu na mienge mikononi, na Walawi wakipiga vinubi na matoazi kwenye ngazi 15 za ua.

Injili ya Yohana inaweka maneno ya Yesu ya kujiita nuru ya ulimwengu katika mfululizo wa mafundisho yake ya sikukuu hiyo hiyo, na inataja kwamba aliyasema karibu na sanduku la hazina, lililokuwa katika ua ule ule wa taa. Msomaji asiyejua habari za tambi huyasikia maneno hayo kama kauli ya jumla juu ya mema na mabaya. Wasikilizaji wa kwanza waliyasikia wakiwa wamesimama chini ya taa, na kwao dai lilikuwa la moja kwa moja: mwanga uliotoka katika mavazi ya ukuhani sasa ulidaiwa kuwa wa mtu mmoja aliyesimama pale bila vazi lolote la kikuhani.

Mavazi ya mtu huyo yanapong'aa hatimaye, ni mlimani, mbele ya wanafunzi watatu. Injili tatu zinasimulia tukio hilo la kugeuka sura, na kila moja ina namna yake: Mathayo analinganisha uso na jua na mavazi na nuru, Luka anatumia lugha ya umeme wa radi, na Marko, mwenye kalamu kavu kuliko wenzake, anamtaja dobi. Hakuna dobi duniani, asema, angeweza kuyafanya meupe kiasi kile. Ulinganisho wa Marko unaonekana wa chini mpaka mtu ajue kazi ya dobi ilikuwa nini katika ulimwengu wa Kirumi. Sufu kwa asili yake huelekea manjano, na kuifanya nyeupe kulihitaji mabeseni ya mkojo uliochacha ambamo wafanyakazi, wengi wao watumwa, walizikanyaga nguo kwa miguu, kisha udongo maalumu wa kufyonza mafuta, kisha kusuuza, na mwisho nguo ilitandazwa juu ya tenga la fito lililofunika salfa inayowaka ili moshi uipaushe. Michoro ya ukutani iliyochimbuliwa Pompeii, mji uliofunikwa na majivu ya volkano mwaka 79, inamwonyesha mfanyakazi akilibeba tenga hilo. Weupe ulikuwa kazi yenye uvundo na bei kubwa, na hata hivyo ulififia baada ya siku chache za vumbi. Marko anachukua kilele cha ufundi wa binadamu na kusema hakifiki. Na kwa hilo, kwa kiasi fulani, anasema zaidi ya Mathayo, kwa sababu anataja ni jasho gani lililoshindwa.

Inafaa pia kumlinganisha Yesu wa mlimani na Musa wa Kutoka 34, ambaye aliposhuka Sinai ngozi ya uso wake iling'aa hata akalazimika kuweka utaji. Kwa Musa kitambaa huzuia nuru, kwa Yesu kitambaa hupitisha. Paulo, katika barua ya pili kwa Wakorintho, aliutumia utaji wa Musa kuwalaumu wasomaji wa Torati wasiomkubali Kristo, na usomaji huo ulizaa matunda machungu baadaye: kwenye kanisa kuu la Strasbourg, sanamu ya mwanamke anayewakilisha Sinagogi, iliyochongwa katika karne ya 13, imefungwa kitambaa machoni, na sanamu za aina hiyo zilienda sambamba na karne za kudhulumiwa kwa Wayahudi. Kitabu cha Kutoka chenyewe hakisemi kwamba watu walikuwa vipofu. Kinasema waliogopa. Wakristo wa Kiorthodoksi walijishughulisha zaidi na nuru ya mlimani yenyewe, na mabaraza ya Konstantinopoli ya 1341 na 1351 yaliuunga mkono msimamo wa mtawa Gregorio Palama kwamba mwanga ule haukuumbwa. Mnong'ono wa Rabi Shmuel, kwa maneno mengine, ukawa fundisho rasmi.

Si kila kinachomvika Mungu ni mwanga, na hapa ndipo wanaoifanya alama hii kuwa rahisi hukwama. Zaburi ya 18 inasema giza ndilo sitara yake, Musa anamkaribia katika wingu zito, na Sulemani anapolizindua Hekalu anakiri kwamba Bwana amechagua kukaa gizani. Giza hapa ni heshima ya kile kisichoonekana, na halina uhusiano wowote na rangi ya mwili wa mtu, ingawa zipo nyakati ambapo wahubiri kutoka Ulaya waliichanganya lugha ya nuru na giza na rangi za watu waliowahubiria, jambo ambalo maandiko hayalipi msingi wowote. Yanapoitaja ngozi nyeusi, kama katika Wimbo Ulio Bora, yanaitaja pamoja na uzuri. Hata msiba una vazi lake, yaani gunia la manyoya ya mbuzi, na Isaya na Ufunuo wanaligeuza kuwa habari ya anga: mbingu zinavikwa weusi, jua linakuwa kama gunia.

Katika barua za Paulo alama hizi mbili zinakuwa maagizo. Warumi 13 inawataka waamini wayavue matendo ya giza na kuzivaa silaha za nuru, na mstari unaofuata punde unawataka wamvae Kristo mwenyewe. Ndiyo aya ambayo Augustino, aliyekuja kuwa askofu na mwanateolojia mkubwa, aliifungua bustanini mjini Milano mwaka 386 na kuacha kusitasita kuwa Mkristo, akabatizwa na Ambrosi, askofu wa mji huo, Pasaka ya 387. Hayakuwa maneno matupu, kwani kuvua na kuvaa kulifanyika kwa mwili. Tayari kabla ya Wakristo, Waesene, jumuiya ya Kiyahudi iliyoelezwa na mwanahistoria Flavius Josephus, walimpa mwanachama mpya vazi jeupe, na hati za Qumran zilizogunduliwa tangu 1947, ambazo wataalamu wengi huzihusisha nao, zinawaita wanajumuiya wana wa nuru na kuwaahidi vazi la fahari katika mwanga wa milele. Kwa Wakristo, Justino Mfiadini aliandika mjini Roma katikati ya karne ya 2 kwamba ubatizo huitwa kutiwa nuru, na Kirilo wa Yerusalemu katika karne ya 4 aliwaita wanafunzi wake wa Kwaresima wenye kutiwa nuru. Wakatekumeni, yaani wanaofundishwa ili wabatizwe, walivua nguo zote, wakaingia majini, wakatoka na kuvikwa nyeupe, ambazo walizivaa juma zima la Pasaka. Konstantino, kaisari aliyebatizwa mwaka 337 akiwa karibu na kifo, kwa ushuhuda wa Eusebio wa Kaisaria, alivaa meupe na kukataa kugusa tena zambarau ya kifalme.

Ufunuo nao unatoa ushauri wa biashara kwa kanisa la Laodikia: wanunue mavazi meupe ili aibu ya uchi wao isionekane. Mwanajiografia Strabo anaeleza kwamba kondoo wa wilaya ile walisifika kwa sufu laini na nyeusi kama kunguru, ambayo iliupatia mji mapato makubwa. Mji wa wauza nguo unaambiwa kwamba hauna nguo, na rangi inayotajwa ni ile ambayo haikuwa fahari ya soko lake.

Afrika Mashariki alama hizi zingali hai. Wakorino wa Kenya, waumini wa makanisa huru ya Kiafrika, hufunga vilemba vyeupe, na waumini wa kanisa la African Israel Church Nineveh, lililoanzishwa magharibi mwa Kenya mwaka 1942, huandamana barabarani kwa kanzu nyeupe. Katika Kanisa Katoliki, utaratibu wa kumbatiza mtoto mchanga huweka vazi jeupe baada ya maji na krisma, kisha mshumaa unaowashwa kutoka mshumaa mkubwa wa Pasaka. Kwa kweli, mpangilio huo huvurugwa kila Jumapili ya ubatizo, kwa kuwa watoto wengi huletwa wakiwa wamekwisha kuvikwa gauni au suti nyeupe iliyoshonwa kwa ajili ya picha, na padre hulazimika kuwawekea kitambaa kidogo cheupe juu ya weupe uliopo, ishara ambayo hapo haimvishi mtu chochote. Mshumaa haukumbwi na tatizo hilo. Mtoto hawezi kuushika, hivyo utaratibu unaukabidhi kwa wazazi na wasimamizi: vazi huvaliwa na aliyebatizwa, na nuru yake hubebwa na wengine mpaka akue.